Maji ndani ya sekunde 18: namna ya kubuni vifaa vya umeme vinavyoongozwa na ishara za ubongo

Mwenyekiti, walimu, mafundi wa umeme, wauguzi, wanafunzi, na ninyi wasusi wawili mliokubali mwaliko wetu: karibuni na asanteni.

Naomba tuanze na neno moja, MAJI. Herufi 4 tu. Mtu amepooza mwili mzima. Hawezi kusema wala kuinua kidole, lakini akili yake ni timamu na macho yake yanaona. Ana kiu. Amevaa kofia yenye elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo juu ya ngozi, na mbele yake kuna skrini yenye herufi zilizopangwa katika safu 6 na nguzo 6. Safu na nguzo zinamweka, yaani zinawaka na kuzima ghafla, moja baada ya nyingine bila mpangilio, na yeye ameikazia macho herufi anayoitaka. Kila inapomweka, kama milisekunde 300 baadaye ubongo wake unatoa wimbi dogo liitwalo P300. Kompyuta inalitafuta wimbi hilo, inaona lilifuata safu ipi na nguzo ipi, na mahali zinapokutana ndipo ilipo herufi. Farwell na Donchin waliieleza njia hii mwaka 1988, na hadi leo ni mojawapo ya njia zinazotegemewa zaidi bila kumpasua mtu kichwa.

Tupige hesabu. Mzunguko mmoja una mimweko 12. Kila mmoja ukipewa milisekunde 125, mzunguko unachukua sekunde 1.5. Wimbi moja limezama mno katika kelele, kwa hiyo tunarudia mizunguko 10 na kuchukua wastani: sekunde 15. Ongeza sekunde 3 za kuhamisha macho kwenda herufi inayofuata. Herufi moja, sekunde 18. MAJI ni sekunde 72, kama hakuna kosa hata moja.

Lakini makosa yapo. Herufi ikikosewa inabidi achague FUTA, kisha airudie, na FUTA yenyewe inaweza kukosewa vilevile. Kwa usahihi wa asilimia 90, kila herufi inagharimu wastani wa chaguo 1.25, na MAJI inakuwa sekunde 90. Kwa asilimia 70, herufi inagharimu chaguo 2.5, na MAJI inafika dakika 3. Kwa asilimia 50 neno haliandikiki kamwe, maana anafuta kadiri anavyoandika. Kanuni yake ni fupi: usahihi zidisha kwa mbili, toa moja, halafu gawa moja kwa jibu ulilopata. Iandikeni kwenye ukuta wa karakana.

Mhandisi akiona asilimia 70, mkono wake unakimbilia programu ya kutambua mawimbi. Anakesha miezi, anaifikisha asilimia 75, na MAJI inashuka kutoka sekunde 180 hadi 144. Ni kazi nzuri na siidharau. Lakini mwenzake angeliweka neno MAJI lenyewe katika kisanduku kimoja, chaguo likawa moja la sekunde 18, na hata kwa asilimia ileile 70 pamoja na masahihisho yote wastani ungekuwa sekunde 45. Hakugusa programu wala hakununua elektrodi mpya. Ndilo ninaloliamini na ndilo lililonileta mbele yenu: wepesi wa kifaa cha aina hii hupimwa kwa gharama ya kosa moja. Anayebuni aanzie kwenye kosa.

Nikiwa bado kwenye kibao hicho cha herufi, kuna jambo linaloniuma. Vibao tunavyovipata vimepangwa kwa lugha za wengine. Kiswahili hakina Q wala X, na C haitembei bila H. Basi weka CH kama herufi moja, na herufi zetu zinakuwa 24. Visanduku 36 ukitoa 24 vinabaki 12, na hivyo 12 ni mali. Viwili ni vya NAFASI na FUTA. Viwili vya SH na NG', ambazo zingegharimu chaguo mbili na tatu. Vinavyobaki wape NDIYO, HAPANA, MAJI, NAUMWA, NIGEUZE, ITA MTU, NINA, na PUMZIKA. Hiyo PUMZIKA nitairudia.

Programu za kukisia maneno nazo zina shida yake. Zimezoea kwamba herufi mbili tatu za mwanzo zinatosha kulitambua neno. Kwetu mwanzo wa kitenzi ni nafsi na wakati: ninakunywa, ninalala, ninasikia. Mtu ameshatumia chaguo nne kuandika N-I-N-A na programu bado haijui lolote, kwa sababu nusu ya mazungumzo ya mgonjwa huanza hivyo. Ikisie kipande kwa kipande. Akishachagua NINA, kibao kimletee kinachofuata kwa kawaida kitandani: KIU, NJAA, BARIDI, TAKA, OMBA, SIKIA. “Nina kiu” inakuwa chaguo mbili. Kazi hii haihitaji maabara, inahitaji mtu anayekijua Kiswahili akae na familia na kuorodhesha wanayoambizana kutwa.

Sasa twende kichwani, kwa sababu hitilafu nyingi mtakazolaumu kompyuta zinaanzia kwenye ngozi.

Hans Berger alipopima kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu kule Jena, Ujerumani, mwaka 1924, alikuwa anatafuta kitu kidogo sana, na ukubwa wake haujabadilika. Mawimbi ya kawaida juu ya ngozi ya kichwa ni kati ya mikrovolti 10 na 100. P300 ni mikrovolti chache tu. Kupepesa jicho kunatoa mikrovolti 100 na zaidi. Kuuma meno ni mamia. Nyaya za nyumba nazo zinavuma kwa 50 Hz, yaani mara 50 kwa sekunde, saa zote. Mnamsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya soko.

Elektrodi ya fedha iliyofunikwa kloridi ya fedha bado ndiyo imara kuliko zote. Kile kijivu chake cheusicheusi ndicho kloridi yenyewe, kwa hiyo anayeisugua kwa msasa ili ing'ae ameiharibu. Usichanganye metali mbili katika kofia moja: fedha huku na dhahabu kule hujenga volti kati yao, na mstari kwenye skrini unapanda na kushuka kama maji ya bahari. Ukitumia jeli, lenga ukinzani chini ya kiloohmu 5. Amplifaya, yaani vikuza ishara, za siku hizi huvumilia 10 hadi 20. Elektrodi kavu hufika mamia ya kiloohmu, na mtu akigeuza shingo tu zinapiga kelele. Zinavutia kwenye picha za matangazo. Kwa mtu atakayevaa kofia kila siku, mimi ningechagua sponji za maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, na matone machache ya shampuu ya watoto ili maji yapenye mafuta ya ngozi. Zikianza kukauka, unaongeza maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usimwage mengi. Maji ya elektrodi mbili yakikutana juu ya ngozi umezigeuza kuwa elektrodi moja, na skrini itaonyesha mistari miwili inayofanana kama pacha.

Nywele sasa. Kofia nyingi zilibuniwa kwa nywele laini zinazolala. Nywele zetu zikiwa zimesimama zinaisukuma elektrodi kutoka kwenye ngozi, na matokeo yake fundi anaandika “ishara mbovu” kana kwamba kasoro ni ya mvaaji. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, pamoja na wenzake akiwemo Pulkit Grover, walibuni elektrodi zinazoitwa Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Nywele zinasukwa kufuata mistari ya vipimo vya kichwa, ngozi inabaki wazi kati ya mikia, na elektrodi inajibana chini ya mikia hiyo. Sisi mtindo huo tunao na jina lake tunalo: twende kilioni. Ndiyo sababu nimewaalika wasusi.

Kazi yao inakwenda hivi. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka bondeni juu ya pua, kati ya macho, mpaka kwenye nundu ya kisogo. Tuseme ni sentimita 36. Nusu yake, 18, ni utosi, mahali paitwapo Cz. Hakikisha ni katikati pia kutoka sikio hadi sikio. Asilimia 10 kutoka kisogoni, yaani sentimita 3.6, ni Oz, juu ya eneo la kuona. Asilimia 30 kutoka kisogoni, sentimita 10.8, ni Pz. Msusi aanze kwa kuchana njia moja katikati kutoka paji la uso hadi kisogo, ipite juu ya alama zote tatu. Mikia ifuate njia hiyo, mafuta yasipakwe kwenye njia zenyewe, na siku ya kupima zifutwe kwa spiriti. Ncha za mikia zisifungiwe kisogoni kama fundo, kwa sababu mtu huyu anaulalia mto. Na hapo kwenye mto ndipo Oz inapoteseka: uzito wa kichwa unaisukuma, ngozi inauma, na kila pumzi inaitikisa. Tumia elektrodi bapa, na mto wenye tundu katikati. Anayejitanda anaweza kuvaa mtandio juu ya kofia, nao unazishika nyaya vizuri. Uwe wa pamba, maana vitambaa vya nailoni vinapiga cheche za umeme tuli.

Kwenye saketi sitakaa sana. Chipu ya kupimia mawimbi, ADS1299 ya Texas Instruments, ina chaneli 8 na biti 24. Kwa ukuzaji wa mara 24 na rejeleo la volti 4.5, hatua yake ndogo kabisa ni kama mikrovolti 0.022, ndogo kuliko kelele ya ngozi yenyewe. Sampuli 250 kwa sekunde zinatosha. Elektrodi ya baiasi usiiruke, ndiyo inayourudishia mwili kelele ya 50 Hz ikiwa imegeuzwa ili ijifute. Nyaya zisokotwe pamoja na ziwe fupi. Kichujio cha 50 Hz kije mwisho, baada ya kusogeza chaja ya simu na kebo ya nyongeza mbali na kitanda. Ukianza na kichujio, hutajua kamwe kwamba elektrodi moja imeachia.

Kofia itumie betri, na isivaliwe ikiwa kwenye chaja. Maelekezo ya karatasi hayazuii hilo saa 4 usiku nyumba ikiwa imechoka. Weka tundu la chaja upande wa ndani wa kofia, unaogusa kichwa. Hapo haiwezekani kuichaji ikiwa imevaliwa, na hakuna anayehitaji kukumbuka.

Upande wa pili kuna kisanduku cha kuwashia feni, taa na kengele. Hapa P300 ni nzito bila sababu. Tumia taa tatu ndogo za LED, kila moja ikimweka kwa kasi yake, na eneo la kuona kisogoni litaitika kwa kasi ya taa inayotazamwa. Kasi ya 10 Hz na jirani zake ziacheni: huko ndiko liliko wimbi la alfa, ambalo kila mmoja wetu hulitoa akifumba macho. Mtu anasinzia, na kifaa kinadhani anaomba feni. Jaribuni 6, 7 na 13 Hz. Msikaribie 15 hadi 25 Hz, kwani mimweko ya huko ndiyo inayochochea kifafa zaidi. Hata kwa kasi za chini, muulizeni kila mtu na familia yake kama kifafa kipo kabla taa haijawaka.

Rilei ya feni, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iwe angalau mita 2 kutoka kichwani. Mota ikikatwa inatoa mpigo wa umeme unaoonekana kwenye mawimbi. Weka kipinga cha ohmu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, daraja la X2, zikiwa mfululizo kukatiza vituo vya rilei. Lakini kwa feni tu. Kapasita hiyo hupitisha takriban miliampea 7 hata rilei ikiwa imezima, na balbu ya LED itabaki ikiangaza hafifu usiku kucha. Familia itasema kifaa kina pepo. Umeme ukikatika na kurudi, kisanduku kiamke kikiwa kimezima kila kitu isipokuwa kengele, ambayo iwe na betri yake.

Narudi kwenye PUMZIKA, kwa sababu hapa ndipo vifaa vingi vinapotelekezwa kabatini. Watu hupima kifaa mtu akiwa anaamuru. Muda mwingi wa siku haamuru chochote: anatazama televisheni, anasali, anawaza watoto. Tuseme kifaa kinaamua kila sekunde 2, na kinakosea mara 1 katika 100 kwa kudhani kuna amri. Katika ripoti, hiyo ni asilimia 99 na inapendeza. Chumbani, saa moja ina maamuzi 1,800, yaani feni itawaka au kuzimika yenyewe mara 18 kwa saa. Ukidai maamuzi mawili mfululizo yakubaliane, na kama makosa yangekuwa hayahusiani, ungebaki na 0.18 kwa saa, takriban mara moja kila saa 5 na nusu. Kwa kweli makosa ya ubongo huja kwa makundi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kidogo kuliko hesabu. Pimeni kwa saa 2 mtu akiwa haamuru chochote: dakika 30 macho yakiwa yamefumbwa, dakika 30 akila, zilizobaki wageni wakiwa chumbani.

Na kila amri iwe na kizingiti chake, yaani kiwango cha uhakika ambacho kifaa lazima kikifikie kabla ya kutenda. Taa ikiwaka kimakosa hakuna aliyeumia, iachie haraka. Kitanda cha kunyanyuka au kiti cha magurudumu kidai uthibitisho wa chaguo la pili. Kengele ya kuita mtu igeuze kabisa: kengele ya uongo inamsumbua binti kwa dakika moja, lakini iliyokataa kulia mtu akipaliwa haisameheki. Kuweka kizingiti kimoja kwa vyote ni uvivu wa mbunifu, na anayeulipia ni mgonjwa.

Nimemtaja binti. Yeye, au mke, au kaka, ndiye atakayevalisha kofia kila asubuhi, na kofia ikimshinda yeye kazi imekwisha. Mpeni dakika 10. Msimwonyeshe kiloohmu, kila elektrodi iwe na kitaa kidogo, kijani imeshika, njano ongeza maji. Kisha majaribio matatu ambayo skrini yenyewe inayaomba kwa sauti ya Kiswahili. Pepesa macho: elektrodi za mbele ziruke. Uma meno, kama anaweza: mistari yote ichafuke. Fumba macho sekunde 10: kisogoni yatokee mawimbi yaliyopangana, kama 10 kwa sekunde. La tatu likikataa huku mawili yamekubali, kosa liko Oz, kwenye mto.

Mafunzo ya mashine yawe mafupi. Herufi 5 kwa mizunguko 10 zinatoa mimweko 600, ambayo 100 ni ya herufi inayotakiwa, na hiyo inatosha kuanza. Mtu akichoka P300 yake inapungua, na kuendelea kumfundishia mashine wakati huo ni kuifundisha uchovu.

Tena, msiseme “huyu hawezi”. Kwa njia ya kuwaza kusogeza mkono, asilimia 15 hadi 30 ya watu hawapati udhibiti hata wakiwa wazima. Badilisha njia. Na kabla ya njia zote, angalieni kama kuna kidole, nyusi au shavu linalosogea kwa hiari. Kama lipo, swichi moja iliyobanwa hapo ina kasi na uhakika kuliko kila nilichokieleza leo, na kumvalisha mtu huyo kofia ni kumwibia muda.

Mawimbi mnayohifadhi ni taarifa binafsi za afya. Kenya ina sheria ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022. Njia rahisi ya kuzitii ni kuchakata kila kitu ndani ya kisanduku, kufuta mawimbi ghafi kila jioni, na kutotuma chochote nje bila mwenye kichwa kukubali kwa NDIYO yake mwenyewe.

Kwenye meza ya mbele kuna kofia mbili, moja ya jeli na moja ya sponji, futi, spiriti, chupa ya maji ya chumvi, na kisanduku chenye feni. Tutaanza na jaribio la kufumba macho. Waliosuka twende kilioni waje kwanza, na wasusi wetu wakae upande wa kushoto wa kiti, wenye mwanga.